Breki ya Upande wa Kushoto

Free Area, Nakuru
14 Februari 1971

Kwa dada yangu Bhanu,

Salamu zikufikie huko Kobe kwenye baridi, na zikikukuta umevaa soksi mbili mbili usione haya, baba yako Mzee Lalit ameshatuambia. Sisi tu wazima. Akoth ameingia darasa la pili na anauliza maswali mpaka mwalimu amechoka. Baba Akoth bado anaendesha gari la moshi la mizigo kutoka Nairobi mpaka hapa, na bado anarudi nyumbani akiongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na injini. Cherehani ya marehemu baba yangu ingali barazani mwa duka lenu, palepale tulipokuwa tukiokota vipande vya kitambaa chini yake mimi na wewe. Mzee Lalit amekataa kuitoa. Anasema anayeitaka ile nafasi aje aongee na cherehani kwanza.

Sasa sikiliza, maana barua hii ina kazi.

Daktari Khisa, mkubwa wetu hospitalini, anatafuta mkunga wa kuzunguka mashambani, Njoro, Elburgon, Gilgil, Naivasha, mpaka Ndabibi kule nyuma ya ziwa. Ameniuliza mimi kwanza. Nilitaka kucheza pale pale ofisini kwake. Halafu akasema hospitali haina gari la kunipa. Anayeitaka kazi hiyo awe na gari lake na leseni yake kabla mwaka haujaisha, la sivyo kuna bwana mmoja wa Nairobi mwenye pikipiki ambaye yuko tayari. Hebu niambie, mama mwenye uchungu utamweka wapi kwenye pikipiki?

Mwezi uliopita mama mmoja, Cheptanui, aliletwa kutoka Ndabibi kwenye tela la trekta, mvua inamnyeshea, amefunikwa turubai la mbolea. Hakufika wodini. Alijifungulia getini, mimi nimepiga magoti kwenye matope na dereva wa trekta ananishikia mwavuli huku ameangalia pembeni kwa heshima. Mama na mtoto wako salama, lakini tangu siku ile sina raha. Ninaitaka kazi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Magari ya hapa mjini siyawezi. Lakini wewe umeolewa huko yanakotengenezwa, na Praful wako hutuma vitambaa na shanga Mombasa kwa meli. Gari kuukuu haliwezi kulala kando ya vitambaa? Nataka Datsun. Wakati wa mbio za Safari tuliziona zikipita zimejaa matope mpaka juu ya paa na bado zinakimbia. Akiba yangu nimempa mzee wako, watapanga yeye na Praful.

La mwisho, Baba Akoth asijue. Yeye husema gari lisilo na reli ni mchezo wa watoto, na mwanamke akishika usukani ndiyo kabisa. Ataliona likishafika, hapo nitajua la kusema.

Dada yako,
Achola


Kobe
9 Machi 1971

Achola wangu,

Soksi ni tatu. Mwambie baba aache kutangaza habari za miguu yangu Nakuru nzima.

Nilimsomea Praful barua yako akaniuliza, "Sasa huyu rafiki yako anataka gari ama anataka vita na bwana yake?" Nikamwambia vyote viwili vinaweza kuja kwa meli moja. Ameshapata kibali na ameshaongea na watu wa bandari. Usimwone kimya vile, akianza jambo halali.

Gari nimelipata. Ni Datsun Bluebird ya mwaka 1964, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Limekuwa mikononi mwa watu waangalifu sana. Halijawahi kwenda mbali, halijawahi kukimbizwa, na kila jioni lilikuwa likioshwa. Klachi yake ni nzito kidogo, na gia ya pili inataka kubembelezwa. Usiniulize nimejuaje. Ndani yake kuna kitu kimoja ambacho magari mengine hayana. Si kibaya, ila sikwambii, utakiona mwenyewe na utanikumbuka.

Lakini wewe, kuendesha unajua? Mara ya mwisho kukuona na magurudumu ulikuwa juu ya baiskeli ya baba, na sote tulimaliza safari ile ndani ya gunia la mchele. Tafuta mtu akufundishe, na umtafute leo.

Mama mkwe ananiita. Nimemwambia naandika kuulizia bei ya kahawa.

Bhanu


Free Area, Nakuru
2 Juni 1971

Dada Bhanu,

Nimepata mwalimu. Ni Fundi Jasvinder mwenye gereji nyuma ya soko, yule aliyekuwa akikupa peremende akidhani wewe ni mdogo wangu. Tunatumia pikapu yake ya kubebea vyuma. Ana subira kubwa, ila akiogopa anaongea na Mungu kwa Kipunjabi, na mimi nimeanza kuyajua maneno yenyewe. Siku ya kwanza aliniambia, "Mama, hii clutch si adui yako. Usipige teke. Shika pole pole, achilia pole pole." Tumeua kuku mmoja tu, na alikuwa mzee.

Shida yangu ni nyumbani. Jioni ninazokwenda kwa Fundi, nimemwambia Baba Akoth nimejiunga na kwaya ya kanisa. Akafurahi sana. Yeye anapenda kwaya kuliko mahubiri. Juzi akanikalisha chini akasema, "Mama Akoth, hebu imba kidogo tusikie mnafunzwa nini huko." Bhanu, kichwa changu kilikuwa kitupu kabisa, hakikuwa na hata ubeti mmoja wa kanisa. Kilichokuwamo ni Fundi Jasvinder tu. Nikafumba macho nikaimba:

Shika pole pole, achilia pole pole,
Tazama nyuma yako kabla ya kwenda mbele,
Njia ikiwa nyembamba, mpishe mwenzako,
Utafika salama, utafika kwako.

Aliniangalia macho yamelowa. Akasema huo ndio wimbo wa Kikristo wenye maana kuliko yote aliyowahi kusikia. Sasa anauimba kwenye injini. Fayamani wake, yule anayelisha moto, ameniambia wanauimba wote wawili kutoka Limuru mpaka Longonot. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Akoth akaja kuuliza kama naumwa. Lakini pia naona haya, maana mume wangu hanifichi kitu.

Gari liko wapi?

Achola


Kobe
20 Julai 1971

Achola,

Gari liko baharini. Nililisindikiza mpaka bandarini na nikaona likiinuliwa na winchi, magurudumu yote manne hewani. Nililia kidogo. Praful akauliza kwa nini namlilia Datsun, nikamwambia ni upepo.

Barua yako ya kwaya imenimaliza, na sasa sina budi kusema. Mimi pia nina kwaya yangu. Mama mkwe wangu anajua kwamba kila Jumanne na Ijumaa ninakwenda kujifunza kupanga maua kwa mtindo wa Kijapani. Mwaka mzima, Achola, nimekuwa nikinunua maua njiani nikirudi, nikiyapanga vibaya kwa makusudi mwezi wa kwanza, vizuri kidogo mwezi wa pili, hivyo hivyo mpaka sasa anawaonyesha wageni. Huko nilikokuwa nikienda ni shule ya udereva. Leseni ninayo. Iko ndani ya pipa la unga wa dengu. Praful anajua, wengine hapana.

Kwa hiyo wewe na mimi tumekuwa tukikanyaga klachi moja, kila mtu upande wake wa dunia, na kila mtu na uongo wake. Marehemu baba yako angetuchapa sote kwa ile futi ya kupimia.

Baba ameandikiana na watu wa Mombasa. Gari litapandishwa reli mpaka Nakuru. Karatasi zina jina lako.

Bhanu


Free Area, Nakuru
19 Septemba 1971

Dada Bhanu,

Limefika. Keti chini kwanza.

Jumatatu Baba Akoth alirudi kazini amechangamka. Anakula, anasimulia. "Leo nimevuta gari ya tajiri fulani. Iko kwa behewa ya wazi, imefunikwa turubai vizuri sana. Nikasema hii mali ya mtu isikwaruzwe. Pale kwenye mteremko wa Escarpment nimeiteremsha kama yai, Mama Akoth. Hata chai ya fayamani haikumwagika." Mimi nasonga ugali tu. Nilijua kabisa tajiri ni nani.

Kesho yake karani wa mizigo akamwita amwonyeshe jina lililoandikwa kwenye turubai. Alikuja nyumbani ameshika kofia mkononi. Akaketi.

"Achola."

"Naam, Baba Akoth."

"Lile yai ni lako?"

Nikasema ni langu. Nikamwambia yote, kazi ya Daktari Khisa, Cheptanui na tela, wewe na Praful. Akauliza, "Na kwaya?" Nikamwambia kwaya ilikuwa kwa Fundi Jasvinder. Hakunikemea. Angenikemea ingekuwa afadhali. Ule wimbo ameacha kuuimba, na hilo ndilo limeniuma zaidi.

Fundi alipokuja kulikagua gari alilala chini yake, akatoka na kilemba kimejaa vumbi. "Mama, hii gari iko na breki mbili. Moja ya dereva. Hii ya kushoto, ya nani?" Nami nikakukumbuka, kama ulivyosema. Kweli kuna pedali nyingine pale anapokaa abiria. Ni ya nini?

Jumamosi Baba Akoth alivaa kofia yake ya kazi akasema, "Hii gari nimeileta mimi mwenyewe kutoka Nairobi. Mimi ndiye nitaiendesha." Majirani wote walitoka nje. Aliondoka vizuri. Alisimama vizuri. Akaondoka tena vizuri, watoto wanashangilia. Halafu kona ikafika, pale kwa jirani yetu Peterson, na gari likaendelea mbele moja kwa moja mpaka ndani ya ua wake wa michongoma. Reli hukata kona zenyewe, Bhanu. Miaka yote ya kazi yake mume wangu hajawahi kugeuza kitu. Alikuwa akingoja gari ligeuke.

Hakuna aliyeumia, gari limekwaruzwa shavu tu. Alishuka, akajipangusa miiba, akamwambia Peterson, "Hii barabara mliijenga vibaya." Kisha akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akasema gari hili halitaendeshwa na mtu yeyote wa nyumba hii. Litauzwa.

Mwaka unaisha. Daktari Khisa ameniuliza mara mbili. Gari liko uani, kuku wanalala chini yake, na mimi naenda kazini kwa miguu nalipita kama si langu. Nimechoka, dada.

Achola


Free Area, Nakuru
3 Oktoba 1971

Kwa Bi. Bhanu, mke wa Bw. Praful,
Kobe, Japani

KUHUSU: GARI YENYE BREKI MBILI

Shemeji,

Salamu kwako na kwa bwana wako. Naandika barua hii nikiwa mkuu wa nyumba ambamo gari iliyotajwa hapo juu imewekwa bila mimi kujulishwa.

Kwanza, gari ilifika salama. Safari yake ya Nairobi mpaka Nakuru nilisimamia mwenyewe na hakuna lawama. Pili, baadaye ilipata mkwaruzo mdogo uliosababishwa na kona. Tatu, fundi amekuta gari ina breki mbili, na mimi sijaona gari ya namna hiyo. Naomba kujua kama ni makosa ya kiwandani, na kama bwana wako anaweza kutafuta mtu wa Mombasa wa kuinunua.

Hapo barua ya kazi imeisha. Sasa naandika nikiwa Dalmas tu.

Shemeji, watu wanadhani nina kiburi. Fundi Jasvinder anadhani, Peterson anadhani, na mke wangu pia. Ukweli ni kwamba naogopa. Kutoka Naivasha mpaka Gilgil reli na barabara zinakwenda karibu karibu, na mimi nikiwa juu ya injini naona yote. Naona malori yanavyopitana, mabasi yanavyokimbizana. Mimi nikitoka Nairobi, kila kituo kuna mtu amekesha kunitengenezea njia. Hakuna treni nyingine itakayokuja mbele yangu mpaka niruhusiwe. Kona zote nazijua. Achola akitoka hapa kwenda Ndabibi, nani atamtengenezea njia? Nani atamwashia taa ya kijani?

Yeye anasema kuna akina mama wanaomngoja. Najua wapo. Lakini na mimi nina mama mmoja tu wa watoto wangu. Sijui namna ya kumwambia hivyo bila sauti yangu kupanda, kwa hiyo nimenyamaza, na nyumba yote imenyamaza.

Wako,
Dalmas Omolo
Dereva, Reli


Kobe
18 Oktoba 1971

Shemeji Dalmas,

Barua yako niliisoma nimesimama, jinsi barua rasmi inavyotaka. Sehemu ya pili niliisoma nimeketi, mara nyingi.

Breki ile si makosa ya kiwandani. Gari hilo lilikuwa la shule ya udereva hapa Kobe. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilijifunza ndani yake, na ukimwambia mama mkwe wangu nitamwambia kila mtu kwamba ni wewe uliyevunja ua wa Peterson, maana habari za kona yako nimezipata. Shule iliponunua magari mapya niliomba nipewe hilo kwa ajili ya Achola, kwa sababu ni gari ninalolijua na ninaloliamini.

Nikueleze shule ilivyokuwa. Mwanafunzi anakaa kulia, anashika usukani. Mwalimu anakaa kushoto. Hagusi usukani hata kidogo. Kazi yake ni kutazama barabara na kusema anachokiona, na mguu wake unakaa juu ya ile breki. Mwanafunzi hawezi kwenda mahali ambapo mwalimu hataki. Mwaka wote niliojifunza, sikuogopa hata siku moja, kwa sababu ya mzee yule wa kushoto.

Sasa, shemeji, wewe umeandika kwamba barabarani hakuna mtu wa kumwashia Achola taa ya kijani. Achola aliwahi kuniambia kwamba kwenye injini wewe na fayamani wako mnaitiana ishara za reli, mmoja anataja, mwingine anajibu, hata kama wote wawili mmeiona. Kile kiti cha kushoto kiko wazi. Kina breki yake. Kinamngoja mtu anayejua kusimamisha kitu kizito.

Nimemwambia Praful asitafute mnunuzi kwanza.

Shemeji yako,
Bhanu


Free Area, Nakuru
12 Desemba 1971

Dada Bhanu,

Sijui ulimwandikia nini mume wangu na hataki kunionyesha. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja niliamka nikakuta ufunguo wa gari juu ya meza, umewekwa ndani ya kikombe changu cha chai, na yeye amevaa kofia ya kazi ilhali ni siku yake ya mapumziko. Akasema, "Utaendesha. Mimi nitakaa kushoto. Na ukiona kitu utakitaja, na nikitaja utajibu. Ndiyo sheria." Niligeuka nikajifanya natafuta viatu, maana machozi yalikuwa yameshafika.

Leseni nimepata. Fundi Jasvinder alileta jalebi tamu, mkebe mzima.

Sasa nikwambie kuhusu safari zetu. Baba Akoth anaita kila kitu. "Ng'ombe, kulia!" Najibu, "Ng'ombe kulia, nimeona." "Daraja mbele!" "Daraja, nimeona." "Mama na kuni!" "Mama na kuni, nimeona." Nisipojibu anaita tena kwa nguvu mpaka mama mwenyewe mwenye kuni anaitika. Hayo si kitu, hata nimeyapenda. Shida ilikuwa breki. Yeye amezoea kusimamisha treni, na treni haisimami pale unapotaka, lazima uanze mapema. Akiona punda kwenye upeo wa macho, anakanyaga. Tukikaribia Gilgil anakanyaga kwa sababu Gilgil ni stesheni.

Daktari Khisa alikuja nasi siku ya kunijaribu, amekaa nyuma na mkoba wake. Kabla ya Gilgil Baba Akoth aliona basi, mbali kabisa huko, akakanyaga kwa mguu wa kazi. Miwani ya Daktari ilikuja mbele ikaangukia mapajani mwangu. Daktari akasema kwa upole, ule upole wake mbaya, "Bi. Achola, hapa dereva ni nani?" Akaniambia atarudi Ijumaa, na kama gari litakwenda tena kwa kurukaruka namna hii, kazi ataipeleka Nairobi kwa yule wa pikipiki.

Ningefanyaje? Nikimwambia Baba Akoth asikanyage, atashuka, na akishuka ufunguo utarudi mfukoni. Na mimi mwenyewe, nikwambie kweli, simtaki ashuke. Kwa hiyo nilimwendea Fundi Jasvinder. Amekitoa kile chuma kinachoiunganisha pedali ya kushoto na breki. Pedali bado inashuka na kupanda, ina springi yake, ukiikanyaga unasikia ugumu, lakini haishiki kitu chochote.

Ijumaa tulikwenda mpaka Ndabibi. Mume wangu alikanyaga njia nzima. Palipokuwa na sababu nilipunguza mwendo kidogo mwenyewe, ili asijue, na yeye akigeuka kwa Daktari anasema, "Umeona hapo? Tungepata taabu." Daktari akaitikia, "Nimeona, mzee." Tulipofika akanishika mkono akasema nianze Januari. Bhanu, kazi ni yangu. Cheptanui alitoka na mtoto wake mgongoni, tukacheza pale kando ya barabara na Baba Akoth akatupigia makofi.

Siku za mapumziko yake anakuja nami, na anakanyaga hewa kwa moyo wote. Najisikia vibaya kidogo, na nina furaha kuliko miaka yote ya maisha yangu, sijui moyo mmoja unabebaje vyote hivyo. Asijue kamwe. Siku akijua nimemdanganya mara ya pili, sijui nitamtazama vipi. Ichome barua hii.

Achola


Free Area, Nakuru
21 Mei 1972

Shemeji Bhanu,

Habari za masika. Ziwa Naivasha limepanda, na barabara ya Ndabibi imegeuka kuwa sehemu ya ziwa. Sisi ni wazima. Akoth anasema akiwa mkubwa ataendesha ndege, na sijamkataza, nimejifunza.

Naandika kwa sababu nina jambo siwezi kumwambia mtu wa hapa. Fundi Jasvinder yumo ndani ya jambo lenyewe, na Peterson hawezi kuweka siri hata ya ua wake.

Ile breki haifanyi kazi.

Najua tangu siku ya kwanza. Shemeji, nimekula mshahara wa breki tangu ujana wangu. Breki iliyo hai na breki iliyokufa nazijua kwa mguu mmoja, hata nikiwa nasinzia. Kabla hatujafika Gilgil Ijumaa ile ya Daktari Khisa nilikuwa nimeshajua. Baadaye nilitambaa chini ya gari nikaona kazi ya Fundi. Kazi safi sana.

Nilikasirika, sifichi. Pale pale barabarani nilifungua mdomo nimwambie Achola asimamishe gari nishuke. Nikamsikia anaimba. Anaimba chini chini, hajijui, macho yako barabarani. Shika pole pole, achilia pole pole. Ule wimbo wa kwaya. Nikamtazama mikono yake. Kila neno la wimbo, mikono yake na miguu yake ilikuwa ikilifanya. Na mimi mjinga niliuimba miezi mingapi kwenye injini bila kujua kwamba mke wangu alikuwa akinifundisha kuendesha gari. Nikafunga mdomo. Ng'ombe akatokea kushoto, nikamwita, akajibu. Nikakanyaga, kwa heshima tu.

Tangu hapo ninakanyaga. Nikiacha, atajua kwamba najua.

Sasa nikwambie ya wiki hii. Tulikuwa tunatoka Ndabibi, Cheptanui akakimbia barabarani na kutusimamisha. Jirani yake ana uchungu, mtoto amekaa vibaya, lazima hospitali ya Naivasha. Tukamlaza kiti cha nyuma. Mvua ilikuwa imefuta barabara, maji tu mbele, huoni ukingo uko wapi. Nilivua viatu nikashuka nikatembea mbele ya gari, maji yamefika magotini, nikiita. "Shimo kushoto!" Nasikia nyuma yangu, dirishani, "Shimo kushoto, nimeona!" "Jiwe!" "Jiwe, nimeona!" "Njia safi!" "Njia safi!" Hivyo hivyo mpaka tukapata ardhi ngumu. Nilipopanda tena, matope mpaka kiunoni, alinitazama akacheka, mama wa watu analia nyuma na mke wangu anacheka na kutia gia ya pili kama unavyombembeleza mtoto. Sikumbuki kukanyaga chochote kutoka pale mpaka Naivasha. Nilikuwa naita tu barabara. Mtoto ni msichana, na sauti yake ni kubwa kuliko filimbi ya injini yangu.

Ulikuwa umeniambia kiti cha kushoto kinamngoja mtu. Nimekipata, shemeji, na asante. Lakini nakuomba, usimwambie Achola kwamba najua habari za ile pedali. Akijua, ataona haya, atasema mume wangu sasa pumzika nyumbani siku zako za mapumziko, huna kazi humu. Na mimi sitaki kushuka.

Msalimie Praful. Mwambie mama mkwe wako kwamba nimesikia anaalika wageni waje kuona maua yako.

Wako,
Dalmas Omolo
Dereva wa gari la moshi,
na siku za mapumziko, fayamani wa Achola